Vita vya koyote: kuanza ni rahisi, kukoma ndiyo kazi

(Haya ni mazungumzo ya juma yaliyosomwa redioni. Tunayachapisha hapa kwa ajili ya wasomaji ambao hawakuyasikia, na kwa wale waliotaka kuyarudia.)



Juma hili nakuomba tusafiri kidogo. Tunakwenda Marekani, lakini si Marekani ile ya magorofa na magari marefu tunayoiona kwenye sinema. Tunakwenda magharibi ya nchi hiyo, kwenye nyika kavu na vilima vya majani mafupi, mahali ambapo ukisimama nje asubuhi ya Januari pumzi yako inatoka kinywani kama moshi.

Tuseme yupo kijana wa huko anayetaka kujifunza kuwinda. Akimwendea mzee wa jirani kuomba ushauri, mzee hatamwambia aanze na dubu wala kulungu. Atamwambia, "Mwanangu, anza na koyote." Kulungu ana msimu wake, ana kibali chake na ana idadi yake, ukizidisha mmoja unafikishwa mahakamani. Koyote hana hayo. Katika majimbo mengi ya magharibi anawindwa mwaka mzima, na hakuna anayekuuliza umeua wangapi.

Kisha mzee atamfundisha kazi. Amka kabla ya alfajiri. Usiliache gari mahali linapoonekana. Keti upepo ukikupiga usoni, kwa maana pua ya koyote ni kali kuliko macho yako. Weka kichaka nyuma yako ili umbo lako lisionekane dhidi ya anga. Usikohoe, usijikune. Halafu toa filimbi yako ndogo na ulie kama sungura aliyenaswa. Nyamaza, ngoja, kisha lia tena. Kama koyote yupo karibu, atakuja mwenyewe akidhani ameitiwa chakula.

Filimbi hiyo nayo ina historia yake. Katika miaka ya 1950 ndugu wawili wa Texas, Murry na Winston Burnham, walijipatia jina kubwa kwa kuitengeneza na kuiuza, na kwa kuwafundisha watu jinsi ya kumwita mnyama badala ya kumfuata. Siku hizi zipo mashine za betri zinazolia zenyewe.

Basi hayo ndiyo masomo ya mwanzo, na hayana ugumu. Lakini liko somo moja ambalo kijana huyo hafundishwi, nalo ndilo mazungumzo yetu ya leo. Vita hivi nani alivianza? Kwa nini mnyama huyu awindwe bila msimu na bila hesabu? Na kwa nini, baada ya miaka zaidi ya mia moja ya risasi, mitego na sumu, koyote ameenea mahali pengi kuliko siku ile vita vilipoanza?

KOYOTE NI NANI?

Msikilizaji ambaye hajapata kumwona koyote na amfikirie mbweha wetu, yule anayebweka nje ya kijiji usiku na kunyemelea kuku. Ni wa ukoo mmoja, ila koyote ni mkubwa zaidi. Kwa kawaida ana uzito wa kilo 10 hadi 20. Ana rangi ya kijivu iliyochanganyika na kahawia, mkia mnene, masikio yaliyosimama na uso mwembamba. Dume na jike huishi pamoja na kulea pamoja. Chakula chake ni chochote: panya, sungura, panzi, matunda, mizoga, na pale anapopata nafasi, mwanakondoo.

Jina lenyewe si la Kiingereza. Limetoka katika lugha ya Nahuatl, lugha ya Waazteki wa Mexico, nao wakamwita *coyotl*. Sehemu moja ya jiji la Mexico inaitwa Coyoacán mpaka leo, na maana yake inahusu mahali pa koyote. Waazteki walikuwa hata na mungu wao wa ngoma na nyimbo aliyeitwa Huehuecoyotl, yaani koyote mzee.

Kaskazini zaidi, makabila mengi ya wenyeji wa Marekani yalimweka koyote katika hadithi zao kama sisi tulivyomweka Sungura katika hadithi zetu. Ni mjanja na mlafi, anadanganya wakubwa, kisha ujanja wake unamrudia mwenyewe na watoto wanacheka. Katika baadhi ya hadithi hizo ndiye aliyewaletea watu moto. Wenyeji hao waliishi naye kwa maelfu ya miaka. Walimwogopa kidogo, walimcheka sana, lakini hawakutangaza kwamba lazima atoweke katika uso wa dunia.

WALIPOFIKA WAGENI

Mwaka 1804 wasafiri Meriwether Lewis na William Clark, waliotumwa na Rais Thomas Jefferson kupeleleza nchi za magharibi, walimkuta mnyama huyu kwenye nyika za mto Missouri. Hawakujua wamwite nani. Wakamwita mbwa mwitu wa nyikani. Mwaka 1823 mtaalamu wa viumbe, Thomas Say, akamwandika rasmi katika vitabu vya sayansi kwa jina la Kilatini *Canis latrans*, maana yake mbwa abwekaye.

Mpaka hapo hakuna ugomvi. Ugomvi ulikuja na mifugo. Katika nusu ya pili ya karne ya 19 wahamiaji walifurika magharibi na ng'ombe na kondoo wao. Wawindaji wa ngozi waliwamaliza nyati wa Marekani waliokuwa wakitembea kwa mamilioni. Mbwa mwitu wakubwa wa kijivu, na hapa sisemi wale mbwa mwitu wetu wenye madoa bali jamaa zao wa nchi za baridi, walikosa nyati na kugeukia ng'ombe. Wafugaji na wauza ngozi wakatia sumu ya strikinini katika mizoga na kuitupa nyikani. Aliyekula alikufa, awe mbwa mwitu, koyote, mbweha, kunguru au mbwa wa mwenye shamba.

Na kama ilivyo desturi ya vita, jina baya lilitangulia. Mwaka 1872 mwandishi maarufu Mark Twain alitoa kitabu cha safari zake za magharibi, na humo alimchora koyote kama kiumbe mkondefu, mwoga, mwenye njaa isiyokwisha, asiye na rafiki duniani. Kilikuwa kichekesho, na watu walicheka. Lakini kichekesho kikisomwa na watu wengi hugeuka kuwa ushahidi. Kizazi kizima cha wasomaji wa mijini, ambao hawakupata kumwona koyote hata siku moja, kilimfahamu kwa maneno hayo.

Majimbo yakaanza kulipa fedha kwa kila koyote aliyeuawa. Unaleta masikio au ngozi ya kichwa, unapewa fedha zako. Mwaka 1905 jimbo la Montana lilikwenda mbali zaidi: lilipitisha sheria ya kuwatumia madaktari wa mifugo kuwaambukiza koyote na mbwa mwitu ugonjwa wa upele, kisha kuwaachia huru ili wawaambukize wenzao. Hebu fikiria, msikilizaji. Daktari aliyesomea kuponya wanyama anaagizwa na sheria kueneza ugonjwa!

SERIKALI INAINGIA VITANI

Sasa tunafika kwenye mwaka ninaotaka uukumbuke: 1915. Mwaka huo Bunge la Marekani lilitoa dola 125,000 kwa ofisi ya serikali kuu iliyoshughulikia uchunguzi wa viumbe, ili iajiri wawindaji na kuangamiza wanyama wanaokula mifugo. Ofisi hiyo ilikuwa ya wataalamu waliochunguza ndege na wanyama wanakula nini na wanaishi wapi. Kuanzia hapo ikapewa bunduki na chupa ya sumu.

Wawindaji wa serikali walifanya kazi yao kwa bidii. Kufikia katikati ya miaka ya 1920 mbwa mwitu wa kijivu walikuwa wamekwisha karibu kote magharibi. Katika mbuga ya taifa ya Yellowstone wa mwisho waliuawa mwaka 1926.

Hapa ndipo penye fundisho, na nakuomba utulie kidogo. Kama kazi ilikuwa kuondoa mbwa mwitu, na mbwa mwitu wamekwisha, je, ofisi ifungwe? Wawindaji waende nyumbani? Maabara iliyoanzishwa mwanzoni mwa miaka ya 1920 kwa ajili ya kutafuta njia bora za kuua, na ambayo baadaye ilikaa Denver, ifungwe pia? La hasha. Ofisi yenye bajeti haijifungi yenyewe. Koyote, ambaye zamani alikuwa adui mdogo, akapandishwa cheo akawa adui mkubwa.

Tarehe 2 Machi 1931 ilitiwa saini sheria iliyoipa kazi hiyo nguvu mpya. Iliruhusu dola milioni 1 kila mwaka kwa miaka kumi. Kumbuka kwamba huo ulikuwa wakati wa mdororo mkubwa wa uchumi, ambapo Wamarekani walipanga foleni kuomba supu.

SWALI LINAULIZWA BAADA YA JIBU

Je, hakuna aliyehoji? Walikuwapo. Mwaka 1924, na tena mwaka 1930, wataalamu wa chama cha Marekani cha wachunguzi wa wanyama walibishana hadharani na maofisa wa serikali. Swali lao lilikuwa jepesi: mnajua koyote anakula nini hasa? Mmepima?

Ukweli ni kwamba kazi ya kuua ilitangulia kazi ya kuchunguza. Ndipo ndugu wawili, Olaus Murie na Adolph Murie, walipotumwa kutazama. Olaus alifanya kazi Jackson Hole, Wyoming, na kutoa ripoti yake mwaka 1935. Adolph alipelekwa Yellowstone, ambako uuaji wa koyote ulikuwa umesimamishwa mwaka 1935, na wapo walioamini kwamba sasa koyote watamaliza kulungu wote.

Adolph Murie alifanya jambo ambalo bwana mkubwa wa ofisini asingependa kulifanya. Kati ya mwaka 1937 na 1939 alitembea akiokota kinyesi cha koyote. Alikusanya vinyesi 5,086, akavichambua kimoja kimoja, akitazama mifupa, manyoya na meno yaliyomo. Kitabu chake kilitoka mwaka 1940. Na ndani ya vinyesi hivyo alikuta nini? Panya wa majanini na fuko kwa wingi, na panzi pia. Kulungu walikuwamo, lakini wengi wao walikuwa mizoga, waliokufa kwa baridi na kwa kukosa malisho. Kwa maneno mengine, mnyama aliyeshtakiwa kuimaliza mbuga alikuwa akila panya.

Msikilizaji, hebu pima. Serikali ilianza kulipia vita mwaka 1915. Jibu la Murie lilikuja mwaka 1940. Robo karne nzima adui alipigwa kabla hajaulizwa anakula nini.

Na ungedhani baada ya jibu hilo vita vingepoa. Vilizidi! Vita Vikuu vya Pili vya Dunia vilileta kemia mpya, na kuanzia miaka ya 1940 ikatumika sumu iliyoitwa kwa nambari tu, 1080. Ilidungwa katika vipande vya nyama ya farasi na kuachwa nyikani. Nyingine ilikuwa thaliamu. Pia kulikuwa na mtego mdogo wa sianidi uliopigiliwa ardhini, wenye chambo chenye harufu: mnyama akiung'ata na kuuvuta, unamfyatulia sumu kinywani. Na juu angani zilipita ndege ndogo zenye mpiga bunduki.

Sumu haina macho. Mwaka 1971, huko Wyoming, tai walikutwa wamekufa baada ya kula mizoga iliyotiwa thaliamu. Miongoni mwao walikuwamo tai wale wenye kichwa cheupe, alama ya taifa, anayechorwa kwenye muhuri wa nchi. Nchi ikashtuka. Tarehe 8 Februari 1972 Rais Richard Nixon alitia saini amri ya kupiga marufuku sumu hizo katika ardhi ya serikali kuu na katika kazi zake. Mwaka 1982 Rais Ronald Reagan aliifuta amri hiyo. Mtego wa sianidi ulikuwa umekwisha kurudi tangu miaka ya 1970. Ilipofika mwaka 2023 ndipo ofisi inayosimamia sehemu kubwa ya ardhi ya serikali kuu ilipoukataza katika ardhi yake.

MATOKEO YAKE

Sasa tuhesabu. Ile kazi iliyoanza kwa dola 125,000 haijakoma. Imebadilishwa majina, ikahamishwa kutoka wizara moja kwenda nyingine katika miaka ya 1980, na mwaka 1997 ikapewa jina la kupendeza linalozungumzia huduma kwa wanyamapori. Katika miaka ya karibuni imekuwa ikiua koyote wapatao 60,000 kwa mwaka, mbali na wale wanaouawa na wawindaji binafsi kama kijana wetu wa asubuhi ya Januari.

Na koyote yuko wapi? Wakati wageni wanafika alikuwa mnyama wa nyika na majangwa ya magharibi na katikati. Leo yuko katika majimbo yote ya Marekani isipokuwa Hawaii, ambayo ni visiwa katikati ya bahari. Mwaka 2010 alithibitishwa hata Delaware, jimbo dogo la mashariki. Kaskazini amefika Alaska. Kusini amepita Amerika ya Kati yote, akaingia Panama mwanzoni mwa miaka ya 1980, na katika miaka ya 2010 akavuka mfereji wake. Sasa anaichungulia Amerika ya Kusini.

Hata mijini yumo. Mwaka 1999 alionekana katika bustani kuu ya jiji la New York. Mwaka 2007, mchana kweupe, koyote mmoja aliingia katika duka la sandwichi katikati ya Chicago, akapita mbele ya wateja, akajilaza ndani ya jokofu la vinywaji, akatulia. Katika jiji hilo hilo, kundi la watafiti wanaoongozwa na Stanley Gehrt wamekuwa wakiwafuatilia koyote tangu mwaka 2000 kwa kuwavisha vidani vya redio. Wamegundua kwamba wapo wengi, wanaishi karibu na watu kimya kimya, na wengi wa watu hao hawajui kama wana jirani.

Imekuwaje? Ziko sababu mbili kubwa. Ya kwanza, aliyekuwa akimzuia koyote ni mbwa mwitu wa kijivu, ambaye humfukuza na kumuua. Binadamu alipomwondoa mbwa mwitu alimfungulia koyote mlango kwa mikono yake mwenyewe. Ushahidi ulipatikana Yellowstone: mbwa mwitu waliporudishwa huko mwaka 1995 na 1996, koyote wa upande wa kaskazini wa mbuga walipungua kwa karibu nusu katika muda mfupi. Kazi ambayo sumu iliishindwa, mbwa mwitu 31 waliifanya bila mshahara.

Sababu ya pili imo ndani ya ukoo wa koyote. Wakiachwa watulie, jozi moja hushika eneo lake, na mara nyingi ni jike mkuu tu anayezaa. Ukiwaua wakubwa, majike vijana nao wanaanza kuzaa. Chakula kinawatosha waliobaki, kwa hiyo watoto wengi zaidi wanakua. Na vijana wasio na makao wanakuja kutoka mbali kujaza nafasi. Mwaka 1975 wataalamu wawili wa Chuo Kikuu cha California, Guy Connolly na William Longhurst, walipiga hesabu. Walikuta kwamba ili kuwamaliza koyote ungehitaji kuua robo tatu yao kila mwaka, bila kukosa hata mwaka mmoja, na hata hivyo ingechukua zaidi ya miaka 50. Ni nani mwenye ndege na risasi za kufanya hivyo?

TUSIMSAHAU MFUGAJI

Nisingependa msikilizaji aondoke akidhani kwamba wafugaji wa kondoo walikuwa wakilia bila kupigwa. Mwenye kondoo akiamka asubuhi na kukuta wanakondoo sita wamekatwa koo, hana haja ya kusomewa kitabu cha vinyesi. Kwa takwimu za serikali yao, mwaka 2004 kondoo na wanakondoo 224,200 waliuawa na wanyama wakali, na katika kila kumi, sita waliuawa na koyote. Hiyo ni hasara ya kweli, na mara nyingi inamwangukia mtu mmoja, si taifa zima.

Lakini hapo tena pana jambo la kutazamwa kwa utulivu. Mwaka 1942 Marekani ilikuwa na kondoo milioni 56. Leo wamebaki milioni 5 hivi. Wengi walisema koyote ndiye aliyewamaliza. Mwaka 2006 mtafiti Kim Murray Berger alichapisha uchunguzi wake. Alikuta kwamba kushuka huko kulifuata zaidi bei ya majani makavu, bei ya nyama ya kondoo na mishahara ya wachungaji. Fedha nyingi zilizotumika kuua wanyama wakali hazikuuokoa ufugaji huo. Watu waliacha kula nyama ya kondoo, wakavaa nguo za nailoni badala ya sufu; adui huyo haonekani kwenye darubini ya bunduki. Koyote anaonekana. Na binadamu akipata hasara hupenda adui anayeonekana.

Tazama pia namna ya ufugaji wenyewe. Katika nyika zile kondoo wengi waliachwa malishoni peke yao mchana na usiku, kwa sababu mchungaji ni gharama. Ilipofika miaka ya 1970, baada ya sumu kupigwa marufuku, ndipo wataalamu walipoanza kwa dhati kuwatafuta mbwa walinzi wa Ulaya na Uturuki, wale wanaolelewa na kondoo tangu wadogo mpaka wanajiona ni kondoo wenye meno. Waliwajaribu, wakafaa. Wilaya ya Marin, California, tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000, iliacha kutumia wawindaji wa serikali kuu, ikaanza kuwasaidia wafugaji wake kununua mbwa, kujenga uzio na kuwalaza kondoo zizini.

Zizi! Mbwa! Mchungaji! Nilipoyasoma hayo nilitabasamu. Mzee wa Kimaasai au Kigogo asiyepata kukanyaga darasani angewapa ushauri huo bure mwaka 1915. Boma la miiba, mifugo ndani kabla jua halijazama, mbwa mlangoni na kijana anayelala kwa jicho moja.

Ila tusijipongeze mapema. Sisi nasi tunaweza kuusahau ujuzi wetu na kuiga kosa la wenzetu. Desemba mwaka 2015, katika Maasai Mara nchini Kenya, simba wa kundi mashuhuri lililoonekana mara nyingi katika filamu walikula mzoga wa ng'ombe uliotiwa sumu, na baadhi yao wakafa. Hata tumbusi walikutwa wamekufa. Aliyetia sumu alikuwa na uchungu wa ng'ombe wake, kama yule mfugaji wa Wyoming alivyokuwa na uchungu wa kondoo wake. Uchungu ni ule ule, na sumu haina macho kule wala huku.

KIJANA WETU

Turudi kwa kijana wetu aliyeketi nyuma ya kichaka, upepo usoni, filimbi mkononi. Mimi simlaumu. Labda jirani yake amepoteza wanakondoo na amemwomba msaada. Hiyo ni kazi ya haki. Labda anataka ngozi, ambayo wakati wa baridi huwa nzito na nzuri. Hata Marekani wenyewe wanaanza kutofautisha uwindaji na uuaji: jimbo la California mwaka 2014, Vermont mwaka 2018 na New York mwaka 2023 yalipitisha amri na sheria za kukataza mashindano ambayo mshindi ni yule aliyeleta rundo kubwa la koyote.

Ila ningependa yule mzee, baada ya kumfundisha upepo na filimbi, amwongezee somo la tatu. Amwambie hivi: "Mwanangu, mnyama utakayemwona leo ni mjukuu wa waliokoka. Wajinga tuliwaua zamani. Waliobaki ni wale waliojua kunusa mtego na kukimbia ndege. Sisi ndio tuliowasomesha. Kabla hujafyatua, jiulize huyu amekukosea nini, na kesho nani atakuja kukaa mahali pake."

Nasi tulio mbali na nyika zile tuna lakini yetu. Kila siku tunasikia katika miji yetu vita vikitangazwa: dhidi ya kunguru, dhidi ya mbwa wa mitaani, wakati mwingine hata dhidi ya watu, kama wachuuzi au watoto wasio na makao. Siku ya kutangaza kuna hotuba, kuna magari, kuna bajeti. Tuulize maswali yale ambayo Marekani ilichelewa kuyauliza kwa robo karne. Huyu anakula nini? Nani alimfungulia mlango? Na akiondoka, nani atakaa mahali pake? Wahenga walisema asiyeuliza hanalo ajifunzalo.

Usiku wa leo, ndugu msikilizaji, kwenye vilima vya Wyoming na nyuma ya magorofa ya Chicago, koyote watainua vichwa na kulia. Mmoja ataanza, wa pili atajibu, na sauti zao zitachanganyika hata wawili wadhaniwe kumi. Wamelia hivyo kabla ya Waazteki, wamelia kabla ya Lewis na Clark, na wanalia baada ya dola zote zile.